Shokapu za Safari ya Mbweni

Daktari alisema mambo mengi siku ile, lakini mie nilisikia moja tu: asitikiswe. Mwanangu alikuwa na mimba ya miezi saba, mimba yake ya kwanza, na kipimo kilionyesha kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ambayo mtoto angepita. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Akatueleza kwamba hali hiyo inaweza kuleta damu saa yoyote, na damu ya namna hiyo ikianza haina mchezo, mama anaweza kwenda na mtoto akaenda. Asibebe ndoo, asifue, asipande bodaboda. Na kama kuna mpango wa kwenda kujifungulia kwingine, basi ahame mara moja, taratibu, kisha atulie karibu na hospitali. Mwanangu muda wote huo alikuwa ananitazama mie, wala si daktari.

Alinitazama kwa sababu mpango wa kuhama ulikuwa wangu. Kwetu sie watu wa Kusini, mimba ya kwanza hujifunguliwa kwa mama. Huyohuyo niliyekaa naye mbele ya daktari nilimzalia Lindi, nilitoka Dar na tumbo langu nikaenda kukandwa maji ya moto na mama yangu, nikanyweshwa uji wa pilipili manga hadi nikauchukia. Sasa zamu ilikuwa yangu. Mie nakaa Mtoni, kusini mwa jiji, hospitali kubwa iko karibu na kwangu. Yeye kaolewa Mbweni, kaskazini kule kwenye majumba mapya, na kati yetu kuna Dar es Salaam nzima na mashimo yake.

Mtu wa mbali atauliza, kwa nini wewe mama usiende kwake? Mtu wa kwetu hawezi kuuliza hivyo. Mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe. Nikienda Mbweni nasalimiwa, nakaa ukingoni mwa kochi, naletewa soda nakunywa nusu, jua likianza kushuka naaga. Tena nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja kilichokwisha na sebule, vingine viwili vilikuwa kuta tupu zinazongoja bati. Mkwe wangu anatengeneza madirisha ya alumini, akipata kazi anaongeza tofali. Kijana mrefu, mpole, mpole mpaka ananikera, maana hujui anawaza nini.

Yeye alipendekeza tukodi teksi ya kuita kwa simu. Nikamjibu kupitia kwa mke wake kwamba wale madereva wanaendesha kama wanafukuzwa na nyuki, na mwanangu si bahasha. Nitamfuata mwenyewe na gari langu.

Ni hapo nilipokumbuka gari lenyewe likoje.

Gari langu ni la umri wa kuamkiwa shikamoo. Ni la Kijapani, dogo, refu nyuma, na kila siku asubuhi linabeba masufuria yangu kutoka Mtoni hadi Kurasini, ambako nawauzia chakula madereva wa malori na vibarua wa yadi za makontena. Likipita tuta, linaendelea kunesa mpaka tuta linalofuata. Nilishazoea. Mifuniko ya masufuria niliifunga kwa mipira ya tyubu, mchuzi uliomwagika niliufuta, maisha yakaendelea. Lakini siku ile tunatoka hospitali, mwanangu kakaa pembeni yangu kashika tumbo kwa mikono miwili, kila shimo niliona anafumba macho. Nikaendesha kwa mwendo wa msiba mpaka Mbweni. Nilipomshusha akaniambia kwa unyonge kwamba hakuna kitu, mama, nimezoea. Asingenidanganya kama hakuna kitu.

Kesho yake nikaenda kwa fundi wangu, nyuma ya kituo cha mafuta. Akaweka viganja juu ya kona ya gari, akaligandamiza kwa nguvu, akaliachia. Likacheza. Akacheka, mie sikucheka. Akanieleza kwamba springi ndiyo inayolibeba gari, na shokapu kazi yake ni kuituliza springi isirukeruke. Shokapu zangu zote nne zilikuwa zimekufa, mafuta yake yalishavuja na kukauka. Springi alizichungulia tu, akasema zimechoka kidogo, nikipenda nibadilishe na zenyewe. Nikipenda! Mwenye shida akiambiwa hivyo anapenda kila kitu.

Duka la spea nililokwenda liko Temeke, na mbele yake pana benchi ambalo sijawahi kulikuta tupu. Wanaokaa hapo hawanunui wala hawauzi, wanashauri. Muuzaji alinionyesha shokapu mpya za boksi, zinang'aa, na zingine za mtumba zilizofunguliwa kwenye magari Japani. Zile mpya sikuziamini. Nikashika ya mtumba, nikaikandamiza chini kama walivyonifundisha, ikazama kwa uzito, ikapanda yenyewe polepole bila kukwama. Nikaipangusa kwa kanga kuona kama inavuja. Nilichagua nne zinazopanda sawasawa, muuzaji mwenyewe akanisifu, na sifa zikanipanda kichwani. Wahenga walishasema mchagua nazi hupata koroma. Mie koroma langu lilikuwa kwenye springi.

Muuzaji aliniuliza swali la haki: gari linakwenda kubeba nini, na wapi? Sasa hebu jiweke mahali pangu. Benchi zima limenyamaza linasikiliza. Mimba changa au pevu, kwetu haitangazwi barabarani, sembuse yenye matatizo. Macho ya watu yana mambo. Hata shoga zangu pale Kurasini nilikuwa sijawaambia. Nikasema nahamisha vyombo vya ndani vya mwanangu kutoka Mbweni, makabati na kitanda.

Hapo benchi likafunguka mdomo. Makabati, kutoka Mbweni, na gari limelala chini hivi? Mmoja akaapa nitaiacha injini kwenye mawe ya kule. Mwingine akasema siku hizi hakuna anayetembelea gari la Kijapani bila kulinyanyua, barabara zetu si za Wajapani. Muuzaji akaingia ndani akatoka na springi nne nene, zilizokuwa kwenye gari la mizigo, akanihakikishia zinaingia kwenye langu zikikatwa kidogo. Akaziangusha sakafuni, zikalia kwa sauti nzito. Nikaipenda ile sauti. Nililipa nikaondoka kifua mbele.

Fundi akafunga. Gari likanyanyuka, likasimama kama jogoo anayetaka kuwika. Jirani yangu alitoka nje kuliangalia, akasema sasa hili ndilo gari. Nikalizungusha mtaa mzima bila safari, nionekane. Shetani wa kujionyesha anajua watu wake.

Asubuhi iliyofuata nikapakia masufuria kama kawaida. Kilwa Road ni lami, nilikwenda vizuri, gari halinesi hata kidogo, nikawa naimba. Nilipoiacha lami kuingia njia ya yadi, pale malori yameichimba, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo dogo, dogo kabisa, la kuku kuogea. Meno yangu yaligongana. Nyuma nikasikia kishindo. Shimo la pili, mpira wa tyubu ukakatika, mfuniko ukaruka ukapiga kioo. Maharage yalitapakaa kwenye kiti cha nyuma chote, palepale ambapo mwanangu angelala.

Nilisimamisha gari nikakaa. Zamani lilinesa kama kitanda kibovu, sasa lilikuwa linapiga kama mchi kwenye kinu. Hakuna kilichokuwa kinanesa kwa sababu hakuna kilichokuwa kinabonyea. Springi zile zilikuwa zinangoja makabati, mie ningezipa msichana aliyekonda na tumbo.

Vibarua walikula wali mkavu siku ile. Na kabla sijamaliza kugawa, mwanangu akapiga simu. Alinong'ona, nikajua mumewe yuko karibu na hataki kumtisha. Alikuwa ameona doa la damu asubuhi. Kidogo, akasema, kama la mwisho wa siku zake. Wamekwenda kwa daktari, kampima, mtoto yuko salama, damu imekatika. Daktari kasema kama kuhama ni lazima, ahame wiki hii hii, baada ya hapo hatamruhusu tena kusafiri. Wakapanga Jumamosi.

"Mama," akasema, "utakuja na gari lililotengenezwa, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo. Nilisema kwa sauti ya kujiamini, kisha nikaenda nyuma ya kontena nikalia. Nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya. Nilishamuona akilini amelala pale nyuma, kila shimo linampiga, na mie nimeshika usukani nashindwa kusimama wala kuendelea.

Nikarudi Temeke nikiwa nimefura. Nikamwambia muuzaji achukue springi zake anipe za gari langu. Akanijibu kwa adabu tu kwamba mali ikishafungwa na kukatwa hairudi. Nikaketi kwenye benchi lao. Wakasogea kunipa nafasi, wakidhani nitapumzika kidogo niondoke. Sikuondoka. Nilimwambia nimefunga biashara yangu leo na yake nitaifunga, kila mteja atakayekuja nitamsimulia. Akaja mteja, nikamsimulia. Akaja wa pili, nikamsimulia na kumwonyesha maharage kwenye kiti. Muuzaji akatoka akachuchumaa mbele yangu, kachoka.

Aliniuliza hayo makabati yana nini hata yasivumilie springi ngumu. Hasira zilinitoka zote kwa mkupuo, na machozi yakaja nyuma yake. Nikamwambia hakuna makabati. Nikamwambia ukweli wote, kondo, damu, daktari, Jumamosi, mbele ya benchi zima.

Yule bwana aligeuka akalitazama gari langu. Kisha akasema, "Mama, ungeniambia unambeba nani. Mie nilikupa za kubebea mbao."

Alikuwa hana kosa, na hilo liliniuma kuliko kama angekuwa nalo. Akanieleza kwamba springi za gari dogo kama langu, laini, zilizokwishazoeana na gari lenyewe, alikuwa hana, na za kuagiza zisingewahi Jumamosi. Zinazofaa zaidi ni zangu za mwanzo. Kama hazijavunjika, zirudishwe palepale na shokapu nilizochagua, maana kilichokuwa kinanirusha siku zote ni shokapu mfu. Mmoja wa wale wa benchi, yuleyule aliyeapa kuhusu injini, akasema taratibu kwamba mke wake naye alipitia hayo, na leo mtoto yuko shule. Hakuna aliyenitazama kwa jicho baya. Nilikuwa nimemficha mwanangu kwa watu ambao wangemsaidia.

Mbio kwa fundi. Springi zangu ziko wapi? Fundi akajikuna kichwa. Vyuma vya zamani huwa haviulizwi, mteja akiondoka fundi anavikusanya, anapita wa chuma chakavu na mkokoteni anavichukua. Alipita jana. Nikamwambia fundi aingie kwenye gari, anionyeshe huko vinakopelekwa, na afunge mkanda maana gari lake alilolifunga linarusha watu.

Uwanja wa chuma chakavu ulikuwa ndani ndani Temeke, umezungushiwa mabati. Ndani pamerundikwa vitanda, majiko, injini, mageti, rundo refu kuliko nyumba. Na pembeni lori lilikuwa linapakiwa, mlango wake wa nyuma uko chini, wanaume wanarusha vyuma ndani bila kuangalia. Mwenye uwanja akaniambia springi zimo humo, za magari mengi, na lori linaondoka jioni hiyo, vyuma vikayeyushwe. Nikamwomba anipe muda. Akatazama saa, akatazama kanga yangu yenye maharage, akawaambia vijana wake wakale kwanza.

Tulipanda rundo, mie na fundi. Springi zinafanana jamani. Zangu nilizijua kwa kitu kimoja, ya nyuma kulia fundi aliwahi kuizungushia kipande cha tyubu isilie. Niliipata hiyo chini ya geti bovu, nikaibusu na kutu yake. Fundi akaoanisha ya pili kwa unene na urefu. Ya mbele moja ilikuwa ukingoni. Ya nne ikakosekana. Wapakiaji walirudi wanajifuta midomo, dereva akawasha lori, na mie nikapanda ndani ya lori lenyewe, mwanamke mzima wa makamo, napekua. Dereva akapiga honi. Nikamwambia apige mpaka betri iishe. Fundi ndiye aliyeiona, imechomeka ndani ya ringi ya baiskeli. Nikazinunua springi zangu mwenyewe kwa kilo, na sikuwahi kununua kitu kwa furaha kama ile.

Ijumaa gari likawa tayari. Likashuka chini, likarudi unyonge wake, jirani akauliza limepatwa na nini. Nikapika sufuria la uji, nikalijaza hadi kwenye mdomo, bila mfuniko, nikaliweka juu ya kiti cha nyuma na kuingia njia mbaya kuliko zote za Mtoni. Nikaendesha nikitazama nyuma kuliko mbele. Gari lilibonyea, likapanda, likatulia. Likabonyea, likapanda, likatulia. Uji ulitikisika kama mtu anayetikisa kichwa kukataa, lakini haukumwagika ila pale chini ya gari palipogusa jiwe. Hilo ndilo lililobaki kunitia hofu. Gari likiwa na watu lingelala zaidi, na Mbweni kule mawe ya matumbawe yamechomoza njiani kama magego.

Jumamosi nilifika Mbweni jua halijawa kali. Nilipoiacha lami kuingia njia yao nikashangaa. Mwanzo njia ilikuwa ileile mbaya, lakini kadiri nilivyosogea kwao, mashimo yakawa yamefukiwa, mchanga mpya umeshindiliwa, mawe yaliyochomoza yamepigwa nyundo vichwa. Mkwe wangu nilimkuta njiani, fulana imelowa, anasukuma toroli. Alikuwa akifanya hivyo tangu alfajiri ya jana. Mchanga ulikuwa ni wake wa kujengea, lundo lote lililokuwa uani kwa ajili ya vile vyumba viwili. Aliniamkia macho chini, akaniambia mchanga umekwisha kabla njia haijaisha, nimsamehe.

Tulimlaza mwanangu nyuma, mito chini ya kiuno. Mabegi nikayakataa, gari lisilemewe. Mkwe akatangulia kwa miguu na koleo mkononi, mie nikimfuata kwa mwendo wake, Bismillahi. Pale penye mchanga wake tulipita kama tunapita kwenye godoro. Mwanangu akaanza hata kunitania, akauliza kama tutafika Mtoni kabla mtoto hajaanza shule. Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile.

Mchanga ukaisha. Mkwe akawa anaonyesha kwa mkono, kushoto, kulia, anaokota jiwe, anafukia kwa udongo wa pembeni. Lami niliiona mbele, magari yanapita. Gari halikupiga hata shimo moja, naapa. Halikugusa hata jiwe.

"Mama," sauti kutoka nyuma. "Nimelowa."

Niligeuka. Hakuwa amelowa maji. Lile gauni la rangi ya krimu nililomshonea mie mwenyewe lilikuwa jekundu kuanzia mapajani, na damu ilikuwa inazidi kadiri ninavyotazama.

Nilimwita mkwe wangu kwa jina lake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Akaingia na koleo lake mkononi, hakujua amelishika. Nikakanyaga mafuta. Wiki nzima nimehangaika gari lisitikisike, sasa nilikuwa nalirusha juu ya mawe kwa makusudi, maana upole ulikuwa hauna kazi tena, kilichotakiwa ni kuwahi. Chini pakagonga mara ya kwanza, mara ya pili kitu kikachanika kwa mlio, nadhani ekzosi, lile bomba la moshi. Mkwe kamkumbatia mkewe kifuani, yeye ndiye anayepokea vishindo kwa mgongo wake. Gari lilizama na kunyanyuka, likazama na kunyanyuka, na kila mara likarudi mikononi mwangu. Lingekuwa lile jogoo, lingenitupa mtaroni. Tulipoikamata lami nikawasha taa zote, honi sikuiachia, na watu wa Dar walipisha, Mungu awape kheri.

Hospitali ya upande wa Mbweni ilikuwa si mbali, palepale barabarani. Walimchukua mbio kwenye kitanda cha magurudumu, mlango ukafungwa, tukabaki mie na mkwe wangu na koleo. Mkwe alimtolea mkewe damu, wakamtoa hadi akaona kizunguzungu, akaomba watoe tena. Mie nilikaa sakafuni nikamwomba Mola achukue chochote nilicho nacho aniachie huyo mmoja.

Aliniachia huyo, na wa pili juu. Mtoto wa kike, mdogo wa kutosha kwenye viganja viwili, wakamweka chumba cha joto. Nilipompata daktari aliyempasua nilimuuliza swali moja tu, kama ni gari. Akaniambia hapana. Damu ya namna ile ingeweza kuanza akiwa amelala kitandani kwake, na angekuwa katikati ya foleni ya mjini, asingeahidi kitu. Kilichomwokoa ni kufika mapema. Nilimsikia, lakini mpaka leo kuna siku sijui kama namwamini.

Wakati wa kuruhusiwa ulipofika, daktari akakataa habari ya Mtoni. Mshono mbichi, mtoto wa kurudishwa kliniki kila mara, wakae hapo hapo karibu. Mbweni. Mwanangu hakuweza kuinuka mwenyewe, mtoto alitaka kukumbatiwa kifuani mchana na usiku, na chumba kilikuwa kimoja. Nilikuwa nawaza nitamtuma nani, shangazi yupi, jirani yupi. Mkwe wangu akanifuata nje, akasimama mbali kidogo kama desturi, akaninyooshea funguo za nyumba kwa mikono miwili.

"Mama, chumba ni chako na mwanao," alisema. "Mie naomba funguo za gari. Nitalala humo."

Nami nikakubali, kwa sababu kwa namna hiyo mila ilikuwa haijavunjika. Alilala kwenye gari, getini, viti vimekunjwa, miguu imetokeza dirishani maana hakutosha. Asubuhi anaoga bombani nje, ananiamkia kutoka uani, ananiuliza wameamkaje, anakwenda kazini. Akirudi analetewa mtoto barazani, anampakata, anamrudisha. Hakuvuka kizingiti chake mwenyewe. Mwanangu hakunilaumu, ila alikuwa akimtazama mumewe kupitia dirishani kisha ananitazama mie, na mie najifanya nakuna nazi.

Mvua ilianza asubuhi moja tunakunywa chai, mvua ya kumwaga. Nilichungulia nikamwona ndani ya gari, vioo vimefuka, magoti yamefika kidevuni, anajaribu kuziba kwa shati lake pale paa linapovuja. Zile kuta za vyumba viwili zilikuwa zinanyeshewa, hazina bati, na pale palipokuwa na lundo la mchanga pamebaki duara tupu lenye maji. Mtu kamwaga nyumba yake yote barabarani ili mie nipite, na mie nimemfungia nje.

Nikafungua mlango nikamwita. Akaja mbio na shati kichwani, akadhani mtoto ana tatizo. Nikamwambia mtoto mzima, nakuita uje unywe chai. Akatazama mlango, akanitazama, akarudi nyuma hatua, akasema hapa barazani panatosha, mama.

Nikaingia ndani nikauacha mlango wazi. Nilimsikia anasimama pale muda, maji yanamchuruzika. Kisha akapiga hodi. Nyumba aliyoijenga tofali moja moja kwa jasho lake, akapiga hodi.

"Karibu ndani, mwanangu," nikamwambia.